Kaseti Iliyoandikwa "Zaire"

Kwa juma zima nimejaribu kuchagua albamu tano nilizozipenda kuliko zote tangu nilipoanza kusikiliza muziki, na kila jioni orodha hukwama palepale. Nne nimeshaziamua. Ya tano ni kaseti ambayo haikutolewa na kampuni yoyote, na nisipoiweka nitakuwa nimewadanganya wasomaji wangu.

Kaseti hiyo iliingia nyumbani kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1988. Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ambako wazazi wangu walikimbilia kutokana na vita vilivyofuata kuanguka kwa Idi Amin, na sisi watoto tulirudi na Kiswahili na Kilingala kingi kuliko Kilugbara, lugha ya kwetu. Sokoni palikuwa na kibanda cha kurekodi: unanunua kaseti tupu ya dakika 90, unamtajia fundi nyimbo unazozitaka, kisha unarudi kesho yake kuichukua. Baba alitaja nyimbo za wanamuziki wa Zaire, Franco, Tabu Ley na Mbilia Bel, bila kujali upi ulitoka katika albamu ipi, na fundi akaandika neno moja tu kwenye karatasi ya juu kwa kalamu ya bluu: Zaire.

Wimbo wa mwisho wa upande wa A ulikuwa "Mario", ule wa mwaka 1985 ambamo Franco anamsema kijana msomi anayekula na kulala kwa mwanamke aliyemzidi umri na mali. Ni wimbo mrefu, na utepe haukutosha. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, ilikuwa imeshika moto, magitaa yakijibizana, mara kitufe kikaruka, tak, na chumba kikawa kimya. Ndugu zangu nami tuliujua mlio huo kama tulivyoyajua maneno ya wimbo, na tulishindana nani angenyoosha mkono wa kwanza kuigeuza kaseti. Miaka mingi baadaye nilipousikia wimbo mzima, nilijikuta nikiusubiri mlio ule mahali pake, na ulipopita bila kulia nilihisi kana kwamba ninasikiliza wimbo wa mtu mwingine.

Kwangu mimi albamu ni mpangilio: wimbo mmoja unapokwisha, masikio yanausikia unaofuata kabla haujaanza. Kwa kipimo hicho kaseti ya Baba ni albamu, na zile nne nilizipima kwa kipimo hichohicho.

Ya kwanza kati yake ni "Exile" ya mwimbaji wa Uganda Geoffrey Oryema, iliyotoka mwaka 1990 chini ya kampuni ya Real World na kutayarishwa na Mwingereza Brian Eno. Oryema aliimba kwa Kiacholi na Kiswahili, na nilipoisikia kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi Kampala, sikuwa nikijua lolote kuhusu maisha yake. Niliijua sauti tu, nzito na ya chini, ikija polepole kama ya mtu anayezungumza usiku asiwaamshe waliolala. Baadaye nilijifunza kwamba baba yake, waziri Erinayo Oryema, aliuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum, na kwamba kijana huyo alivushwa mpaka akiwa amefichwa kwenye buti la gari, akaishia Ufaransa. Anaka, anayoiimba katika "Land of Anaka", iko Nwoya, ng'ambo ya mto Nile kwetu sisi wa Arua, na kila basi letu linapovuka daraja la Pakwach wimbo huo hunijia wenyewe. Mama hakuelewa Kiacholi chake, lakini nilipompigia albamu hiyo nyumbani aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mtu huyo alipata kurudi. Wakati ule nilimjibu hapana. Oryema alikuja kuimba Gulu mwezi Desemba 2016, karibu miaka 40 baada ya kuondoka, na Mama hakuwapo tena nimwambie.

Remmy Ongala, mwanamuziki wa Tanzania, nampa nafasi bila kusita kwa "Songs for the Poor Man" ya mwaka 1989, kwa sababu Kiswahili chake kinamheshimu maskini bila kumlilia. "Survival" ya Bob Marley, ya mwaka 1979, niliipenda kwanza kwa macho, nikiitafuta bendera yetu kati ya bendera za Afrika zilizopangwa kwenye jalada.

Kuhusu Philly Lutaaya, mwimbaji wetu wa Uganda, nilibishana na nafsi yangu. Wajuzi wengi wangetaja "Born in Africa", aliyoirekodi Sweden, nami siwapingi. Hata hivyo, nyimbo zake za Krismasi ndizo ninazozisikia kila Desemba kuanzia stendi ya mabasi hadi kanisani, na ingawa Kiganda changu ni cha kuombea maji, hakuna neno lake linalonipita. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, mwaka uleule alioutangazia umma kwamba ana UKIMWI, na tangu hapo sherehe na msiba wake huingia nyumbani kwetu pamoja. Nimeziweka hizo.

Utepe wa kaseti ya Baba ulikatika zamani. Nimezipanga nyimbo zake kwenye simu kwa mpangilio wa fundi yule, na "Mario" nimeikata katikati ya sebene, pale kitufe kiliporuka.