Kutoka Mau hadi Yaeda: kwa wenye ardhi iliyoitwa pori

Ukiacha mji wa Elburgon nchini Kenya na kupanda kuelekea Mariashoni, ndani ya Msitu wa Mau, unapita muda mrefu kwenye misonobari. Imepandwa kwa mistari, yote ya rika moja, na chini yake hakuna kilichoota ila majani makavu. Mzee wa Kiogiek, jamii ya warina asali na wawindaji wa msitu huu, aliyekubali kunitembeza hakusema neno tulipokuwa humo. Alianza kuongea tulipoingia kwenye msitu wenyewe, wenye mierezi na mizeituni ya mwitu, na mianzi ikionekana juu zaidi. "Nyuki hana shughuli na msonobari," aliniambia. "Utampa nini?"

Nilikwenda Mau kwa sababu ya kesi. Nilikuwa nimesoma hukumu ya Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya, nikataka kuiona kwa macho ardhi iliyogombewa, kisha nishuke Arusha ilikotolewa hukumu hiyo, na kuendelea hadi Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kaskazini mwa Tanzania, ambao walipata haki yao kwa njia nyingine kabisa. Swali lililonisukuma lilikuwa hili: mtu asiyeishi kwa jembe wala kwa ng'ombe anathibitishaje kwamba ardhi ni yake?

Mzee alinijibu kwa mzinga. Alikuwa ameushusha mmoja ili autengeneze, na aliniruhusu kuushika. Ni gogo la mwerezi lililopasuliwa kwa urefu, nusu zote mbili zikachongwa ndani mpaka zikawa kama mitumbwi midogo, kisha zikafumbatishwa na kufungwa. Mwerezi hauozi upesi na mchwa hawausumbui, kwa hiyo mzinga mzuri mtu huurithi kwa baba yake. Ndani ulikuwa bado unanukia moshi na nta. Nilidhani mrina asali huuning'iniza popote anapoona mti mzuri. Sivyo. Kila ukoo wa Kiogiek ulikuwa na ukanda wake wa msitu, ulioanzia chini penye joto na kupanda mpaka kwenye baridi ya juu, na mipaka yake ilikuwa vijito na migongo ya vilima. Sababu ni maua. Miti ya chini huchanua kwa wakati wake na ya juu kwa wakati wake, kwa hivyo wenye mizinga hupanda na kushuka mwaka mzima kuyafuata. Kuweka mzinga kwenye ukanda wa ukoo mwingine bila kuomba lilikuwa jambo la kuleta vita. Msitu mzima ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walijuana.

Hayo hayakuandikwa popote, na ndipo balaa lilipopata pa kuingilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, ilipendekeza kwamba watu wa msituni wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa wanayokaribiana nayo. Machoni pa tume walikuwa watu wasio na kwao. Serikali ya kikoloni iliufanya msitu kuwa mali yake, ikafyeka sehemu za miti ya asili na kupanda miti ya mbao. Kupanda mistari ya misonobari kulihesabiwa kuwa ni kuitumia ardhi, lakini kuning'iniza mizinga vizazi kwa vizazi hakukuhesabiwa. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika na sheria ya msitu ikabaki. Oktoba 2009 Waogiek walipewa ilani ya siku 30 waondoke.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi, na ni haki kuisema. Mau ni chanzo cha maji cha mamilioni ya watu. Hata Mto Mara unaozinywesha nyumbu za Serengeti huanzia huko. Lakini mtu akipita Mariashoni anaona mwenyewe ni sehemu gani za msitu zilizobaki nene na ni zipi zilizogawiwa wageni na wakata mbao.

Mzee ana shamba la viazi, ana kondoo, wajukuu wake wako shuleni. Wapo wanaosema kwamba Mwogiek wa namna hiyo si Mwogiek tena. Sijawahi kusikia Mkikuyu aliyeacha jembe na kufungua duka mjini akiambiwa kwamba si Mkikuyu tena, wala Mpare. Ni watu wa msituni tu wanaotakiwa kubaki kama walivyopigwa picha zamani, la sivyo wapokonywe jina na ardhi kwa pamoja.

Kabla ya kushuka kusini nilipitia Ziwa Bogoria, kwa Waendorois. Chemchemi za maji moto zinatoka ardhini kwa kishindo na mvuke unasikika kabla hujauona. Jamii hii ya wafugaji ilianza kuondolewa kando ya ziwa mwaka 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Ziwa ni mahali pao pa ibada na makaburi ya wazee wao yako huko. Na majani na chumvi ya kando yake ndiyo iliyokuwa afya ya mifugo yao. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba walidhulumiwa, na kwamba warudishiwe ardhi yao na walipwe fidia. Mwaka uliofuata UNESCO ililiingiza ziwa kwenye orodha ya urithi wa dunia bila wao kushirikishwa. Utekelezaji wa uamuzi umekwenda kwa mwendo wa kinyonga, na wazee niliozungumza nao hawakuficha uchungu wao.

Arusha niliifikia kwa Namanga. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo, na watu wengi wanaoipita kila siku wakienda mbugani hawajui ni nini kinachoamuliwa ndani yake. Ni hapo, tarehe 26 Mei 2017, ambapo majaji walisema Kenya ilivunja haki za Waogiek: haki ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya kutobaguliwa. Kuhusu msitu walisema hakuna uthibitisho kwamba Waogiek ndio walioumaliza. Walitaja uvamizi wa watu wengine, ardhi iliyomegwa kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata mbao vilivyotolewa ovyo.

Jambo gumu zaidi lilikuwa utambulisho. Kuna hoja inayorudiwa na serikali nyingi za Afrika, kwamba sisi sote ni wenyeji wa bara hili, hivyo hakuna jamii inayoweza kujiita ya asili kuliko nyingine. Hoja hiyo inavutia, hasa kwetu tuliotawaliwa. Lakini kinachoulizwa si nani alifika kwanza. Kinachoulizwa ni nani maisha yake, ibada yake na lugha yake vimefungamana na ardhi fulani kiasi kwamba ukimtoa hapo vinakufa, na nani amekuwa akisukumwa pembeni kwa sababu hiyo hiyo. Mahakama iliwatambua Waogiek kwa vigezo hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 yenyewe, katika ibara ya 63, inataja ardhi za jadi za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kilichokosekana ni mtu wa kuitekeleza.

Na hili si la Afrika peke yake. Australia ilijengwa juu ya wazo kwamba Waingereza walipotia nanga, nchi haikuwa na mwenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka 200 hadi Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer walipoipinga dhana hiyo, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaifuta Juni 1992. Mabo alikuwa amekwisha kufariki, miezi michache tu kabla ya hukumu. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Septemba 2007, nchi 143 ziliunga mkono, Tanzania ikiwemo. Zilizopinga zilikuwa nne: Australia, Kanada, Marekani na New Zealand, zote zenye watu wa asili waliopokonywa ardhi. Kenya haikupiga upande wowote.

Juni 2022 Mahakama iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 157,850,000 na wapewe hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zao huko Sasimwani, kaunti ya Narok, zilibomolewa. Nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja kwa makusudi.

Kutoka Karatu barabara inashuka vumbini mpaka Mang'ola, na ghafla unakutana na kijani: mashamba ya vitunguu yanayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, malori yakipakia, watu kutoka kila kona ya nchi. Mbele kidogo ni Ziwa Eyasi lenye chumvi, ambalo kiangazi hukauka likabaki uwanda mweupe. Kati ya vitunguu na ziwa wanaishi baadhi ya Wahadzabe. Wote kwa ujumla ni kama watu 1,300 tu, na lugha yao yenye sauti za kidoko haijapatikana ndugu yake popote duniani.

Watalii hupelekwa kwao asubuhi, wakaangalia uwindaji saa mbili, wakaondoka. Niliomba nikae na kambi iliyo mbali kidogo, kupitia kijana wa Kihadzabe anayejua Kiswahili. Wanaume walikuwa wanachonga mishale. Vichwa vya chuma walivipata kwa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali, na sumu hupikwa kwa utomvu wa waridi la jangwani mpaka ugande mweusi. Wanawake walinichukua kwenda kuchimba mizizi. Mama mmoja alipiga ardhi kwa ncha ya fimbo yake, akasikiliza, akasogea hatua mbili, akapiga tena, kisha akachimba. Tulichoma mizizi pale pale. Unatafuna, unameza maji yake matamu kidogo, unatema nyuzi. Hakuna aliyegawa chakula, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenyewe. Kila aliyekuwepo alichukua.

Lakini kilichonishika zaidi ni mbuyu. Mrina asali wa Kihadzabe hupanda kwa kupigilia vigingi vya mti kwenye gome laini la mbuyu, kimoja juu ya kingine, akisimama kwenye hiki na kupigilia kile. Ndege aongozaye watu kwenye asali anaita juu, na mtu anamjibu kwa mluzi. Nilipousogelea ule mbuyu niliona kwamba vigingi vipya vilikuwa vimepita kando ya vingine vilivyokatika, na pembeni yake palikuwa na vinundu vya gome lililofunga majeraha ya vigingi vya zamani zaidi. Nilipitisha mkono kwenye vinundu hivyo mpaka pale nilipofikia. Juu viliendelea. Yeyote anayesema ardhi hii haina alama ya mtu hajausogelea mbuyu.

Ili nifike bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe wengine, nilizunguka kwa Mbulu, kwenye baridi na mashamba ya Wairaqw, kisha nikateremka bondeni. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe huko Yaeda Chini, wajengewe nyumba na wafundishwe kulima. Wengi waliugua, na waliobaki walirudi porini. Mwaka 2007 kampuni ya kigeni ya uwindaji ilitaka kupewa sehemu kubwa ya bonde. Kelele zikawa nyingi ndani na nje ya nchi, ikaondoka. Baada ya hapo wazee wa Kihadzabe, wakisaidiwa na wanasheria na asasi za huko kaskazini, waliamua kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mwaka 2011 walikabidhiwa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima, zaidi ya hekta 20,000. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza.

Mzee mmoja wa kijiji cha Mongo wa Mono, huko bondeni, alinisimulia jinsi ramani ilivyopatikana: kwa kutembea. Walitaja kila kilima, kila mbuyu wa asali, kila shimo la maji la kiangazi, na waliobishana walikwenda mpaka mahali penyewe. Maarifa yale yale ambayo tume ya Carter haikuyaona kwa Waogiek, hapa yalikuwa ndiyo ushahidi. Naamini ndiyo maana Wahadzabe walifika ilipokwama kesi kubwa zaidi: hawakusubiri hukumu iwatambue, walikwenda na mipaka yao mkononi kwenye sheria iliyokuwa tayari ipo.

Sasa msitu wa Yaeda unaingiza fedha za mradi wa kaboni, yaani malipo ya kuuacha usimame ili kaboni ibaki kwenye miti, na mwaka 2019 jamii ilipewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa kazi hiyo. Fedha hulipa vijana wanaolinda mipaka na husaidia matibabu na ada za shule. Nilitembea na walinzi hao. Tulikuta ng'ombe wa Wadatoga wakiwa wameingia ndani; kijana akaandika mahali na idadi, kisha akakaa chini na mchungaji, wakaongea taratibu, kwa maana kiangazi kilikuwa kikali na huyo mchungaji ni jirani. Ng'ombe waligeuzwa jioni.

Kijana huyo ana shangazi upande wa Mang'ola. Hati ya 2011 ilihusu bonde la Yaeda, si huko kando ya ziwa, na kila msimu mashamba ya vitunguu yanasogea karibu zaidi na mibuyu. Anataka wazee wa upande ule nao waanze kutembea mipaka yao mapema, wakiwa bado hai wanaoijua.