Kopa saba za shemeji

Ukimwambia mtu wa Kisumu unacheza poka, atakuuliza kama uko kadi, yaani umekaribia kumaliza. Poka yetu ni ile ya kumaliza kadi mkononi, ya kuokoteshana mbili na kurukana, na nimeicheza tangu darasa la nne. Ninayotaka kuandika leo ni ile nyingine, holdemu isiyo na kikomo: kadi mbili zako za siri, tano za wote mezani, na yeyote anaweza kusukuma kila alicho nacho wakati wowote. Tunaicheza Jumamosi usiku kwangu Migosi, watano au sita, nikishafunga duka langu la spea pale Kibuye. Tunahesabia vifuniko vya soda. Chekundu ni shilingi 10, cha kijani 50, cheusi 200.

Kuna mkono mmoja, yaani raundi moja ya mchezo, ambao umenikaa kichwani kwa miezi, na ndio ulionifundisha jinsi ya kungoja flashi, kadi tano za alama moja, watu wakiwa wengi.

Nilikuwa na saba na sita ya kopa. Watano tukaingia kwa 60 kila mmoja, poti, pesa zilizo katikati ya meza, ikawa 300. Zikafunuliwa tatu: kingi ya shupaza, tisa ya kopa, nne ya kopa. Kopa nne ninazo, nataka ya tano. Jirani yangu mzee akakunja, yaani akatupa kadi zake. Mwalimu akaweka 150. Shemeji, dada ya mke wangu, akalipa. Jamaa wa lori la samaki akalipa. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho.

Hesabu niliijua. Kopa ni 13, nne naziona, zimebaki tisa katika kadi 47 nisizoziona. Ni kama nafasi moja katika tano kwa kadi inayofuata. Nalipa 150 kutafuta 750. Bei ni halali kabisa, nikalipa bila kusita.

Kadi ya nne: mbili ya kopa.

Mwalimu akagonga meza, hakuweka kitu. Shemeji akaweka 400. Alikuwa akimenya njugu tangu jioni, maganda yamejaa kwenye kisahani, na wakati huo mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza. Niliona, lakini sikutaka kujua maana yake. Jamaa wa lori akakunja. Mimi nikasukuma vyote, 1,790. Mwalimu akatupa kadi zake. Shemeji akalipa kabla sijaondoa mkono kwenye vifuniko, akafunua esi na kumi ya kopa: flashi yake iliongozwa na esi, yangu na tisa.

"Pole, Shem," akasema, na alimaanisha.

Ile kadi ya mwisho ilifunuliwa kwa desturi tu. Hakuna kadi iliyobaki ambayo ingeniokoa.

Usiku ule sikulala mapema. Nilihesabu tena na tena. Zile kopa tisa zangu hazikuwahi kuwa tisa. Shemeji alishika mbili, kwa hiyo zilizobaki zilikuwa saba, na kila moja kati ya hizo saba, ikianguka pale, ingempa yeye flashi kubwa kuliko yangu. Nililipa 150 kununua kitu ambacho tayari kilikuwa cha mtu mwingine. Mkiwa wawili tu, si rahisi mwenzako naye awe anangoja kopa zilezile. Mkiwa watano mmelipa kuona kadi tatu, jambo hilo linakuwa la kawaida, kwa sababu watu hupenda kubaki na kadi mbili za alama moja, hasa zikiwa na esi. Na shemeji alilipa 150 wakati nyuma yake tulikuwa wawili ambao hatujasema neno. Mtu hafanyi hivyo na takataka.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa lile la kusukuma. Nani angenilipa 1,790 akiwa na kitu kidogo kuliko changu? Labda mwenye tatu sawa, anayetumaini meza itoe jozi apate fulu, tatu sawa na jozi pamoja, inayoshinda flashi. Wengine wote wangekunja. Ningelipa 400 tu, nikatulia, na huenda ningekuwa bado na vifuniko mbele yangu.

Kuna jambo lingine ambalo zamani nilikuwa nalifanya sana: kuweka pesa nyingi kabla flashi haijafika, nikitarajia wote wakimbie. Dhidi ya mtu mmoja ina maana. Tuseme kila mmoja hukunja mara sita katika kumi. Wakiwa watatu, kukunja wote kwa pamoja ni kama mara mbili tu katika kumi. Meza yetu yenyewe haina watu wa kukunja mara sita. Jamaa wa lori akishaona kingi moja, hang'oki.

Nikiwa na esi ya alama ile, hapo nafungua moyo. Kutoka kadi tatu za kwanza hadi ya mwisho, flashi hufika karibu mara 35 katika 100. Tukiwa wanne tunaweka sawasawa, mimi natoa robo ya kila shilingi inayoingia na nafasi yangu ni theluthi na zaidi kidogo, na hubaki juu ya robo hata nikiondoa zile mara chache ambazo meza inatoa jozi na mtu anapata fulu. Mwezi uliopita nilisukuma vyote na esi na nne ya uru, wakanilipa watatu, uru haikuja. Nitasukuma tena.

Jumamosi iliyopita nilishika tisa na tano ya maua. Sita tuliingia, maua mawili yakafunuliwa. Mwalimu akaweka 100, mzee akalipa, na nyuma yangu walibaki wawili. Nikakunja. Kadi ya nne ikawa ua. Mwisho Mwalimu akachukua 1,100 kwa jozi ya kingi, hakuna aliyekuwa na ua hata moja la maana.

"Ulikuwa nayo?" shemeji akaniuliza.

"Tisa na tano."

"Mimi ningekulipa," Mwalimu akasema.

Nikazikusanya kadi zote nikaanza kuchanganya, maana zamu ya kugawa ilikuwa yangu.