Mama mdogo kachanja leo
Nimetoka kumpeleka mama mdogo kuchanja Uviko hapa Kigoma mjini.

Yuko kwenye imunotherapi ya kansa ya mapafu, zile dripu zinazoamsha kinga ya mwili iipige kansa yenyewe, sasa huku mtaani Mwanga watu walishamtisha eti akichanja atajimaliza.

Daktari wake alisema chanjo zisizo na virusi hai, kama hii na ile sindano ya mafua, ruksa, ila ya homa ya manjano ina virusi hai asiiguse bila kumuuliza.

Nesi hajauliza hata mkono gani, mama mdogo kashapandisha mkono wa gauni mwenyewe: "Huu mwanangu, ule wa dripu uache upumzike."

Jamani nimelia kwa furaha pale pale.

Wenye wagonjwa kwenye dawa hizi, nyie mmeambiwaje kuhusu chanjo?