Bosi anataka nimtafutie mganga wa wageni

Sa hivi huku Zanzibar, Paje na Jambiani, yoga ishakuwa kama chai ya asubuhi, kila hoteli inayo, hata gesti ya vyumba vinne utakuta mikeka imetandikwa barazani. Bosi wetu kaona biashara imejaa, anataka kitu kipya. Na mwenye kumtia hamu ni mgeni mmoja, mama wa Kijerumani, alikuwa ametoka Peru huko milima ya Andes kwenye ritriti ya kiroho, yaani kambi ya siku kadhaa ya kutuliza roho, kila magharibi wanakaa anamsimulia, moto unawashwa usiku, mganga anasoma, watu wanalia mpaka wanajisikia wepesi. Bosi kaniita. "We si Mpemba? Basi nitafutie mganga, afanye kama hivyo hapa pwani, siku saba, chakula ndani, tutoze dola."

Mie wa Konde kweli, na wallahi nimechoka na hii habari kuwa kila Mpemba ana mganga mfukoni. Ila sikumkatalia palepale. Nilimkalia yule mama nikamhoji vizuri, na usiku nikaingia intaneti kusoma mpaka bando likakata.

Huko wanakoendea hasa ni Cusco na lile Bonde Takatifu, Pisac, Urubamba, Ollantaytambo. Cusco yenyewe iko kama mita 3,400 juu ya bahari, sie watu wa visiwa tukitua tu pale kichwa kitagonga na pumzi itakuwa ya kuombaomba, ndio maana mgeni hupewa chai ya majani ya koka (ndilo linalotoa kokeini, Peru halali, ukija nalo bandarini Malindi utajieleza mwenyewe). Na hapo bado hujafika mlimani. Ausangate unapita mita 6,300, Kilimanjaro na 5,895 zake inabaki chini. Wenyeji, Wakechua, mlima kama huo kwao ni apu, yaani mkubwa wa pale, ana jina, ana hasira, anatoa maji na analinda mifugo, na ardhi nayo ni mama, Pachamama, na mama huyo anakula.

Anakula, ndio, na hapo ndipo nilipochangamka. Fundi wao anaitwa paqo. Anatandaza karatasi, anapanga majani ya koka matatu matatu, anachagua yale mazima, anayapulizia pumzi huku anataja milima kwa majina, halafu anaongeza peremende, mbegu, pamba, maua mekundu, mafuta ya llama (mnyama wao wa kufuga, kama ngamia mdogo asiye na nundu), pengine na kijusi cha llama kilichokaushwa, anafunga kifurushi, kinachomwa moto au kinazikwa. Ndio despacho hiyo. Mwezi wa Agosti ndio wenyewe hasa, wanasema ardhi imefunguka na ina njaa, ukianza kulima hujailisha utajua mwenyewe.

Sasa Mpemba akisikia hivyo anakumbuka nini kama si chano, lile sinia la vitu vya pepo? Mayai, mkate, halua, asali, marashi, ubani unafuka, na kila pepo ana vyake, ruhani hataki vya kibuki, kibuki anataka brandi yake na huyo wa rubamba wa kwetu hana habari nayo. Tulipokuwa wadogo tunaikodolea macho ile halua kwenye chano tunatandikwa makofi. Kwa hiyo vitu vyenyewe si vigeni kwangu, hata kidogo, na watu wakiniambia hayo ya Peru ni mambo ya ajabu nawashangaa wao.

Kinachonikwaza ni kwamba kule mwenye kutoa despacho ni mtu anayedaiwa. Watu wa Q'ero, ambao ndio wanasifiwa sana kwa hii kazi, wanafuga llama na alpaka juu kule zaidi ya mita 4,000, mnyama wao anakula majani ya ule mlima, maji wanayokunywa ni ya ile theluji, basi wanarudisha. Wana neno ayni, nipe nikupe, na wanaishi nalo hata kwenye kulimiana mashamba. Mgeni aliyeshuka ndege juzi mlima unamdai nini? Yeye kaja kuomba apone, kalipa, kapewa, kaondoka. Tena ritriti nyingi zinachanganya kila kitu, ayahuasca, kinywaji cha kuleta maono, ambayo ni ya msitu wa Amazon huko chini, dungusi la San Pedro ambalo waganga wa kaskazini mwa Peru ndio wenyewe hasa, vyote vinatiwa wiki moja vinaitwa Andes. Ni kama nimpigie mgeni maulidi, ngoma ya kibuki na Mwaka Kogwa (ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi) usiku mmoja nimwambie hiyo ndio Zanzibar.

Simlaumu paqo, na yeye ana watoto wa kusomesha. Wala yule mama simdharau, alilia kweli na naamini kulimsaidia.

Lakini angalia Makunduchi. Mwaka Kogwa wageni wanajaa kila Julai, wanapiga picha wanaume wakichapana magome ya migomba, kibanda kinachomwa, na hakuna ubaya, kwa sababu hata asingekuja mgeni hata mmoja kibanda kingechomwa vilevile. Peru nako wanayo yao, Qoyllur Rit'i, hija ya mlimani, UNESCO iliitambua 2011, maelfu wanapanda kwa miguu, msalaba na mlima vyote pamoja, na zamani walikuwa wanashuka na mabonge ya barafu mgongoni mpaka wenyewe wakaacha kwa vile barafu inaisha. Huo ni mzigo wa watu wenyewe, hakuna aliyeupangia bei.

Basi bosi hakuelewa, kaniona mvivu. Nikampigia mjomba, ambaye kweli anafahamu mambo haya, ingawa shehe wa mtaani kwao hapendi na wanasalimiana hivyohivyo.

"Chei chei mjomba."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza huyo mgeni anaumwa nini. Nikamwambia haumwi, mjomba, na si mmoja, ni kumi. Akauliza jamaa zao watakuja? Manake mtu hapigiwi ngoma peke yake, nani atamshika, nani atajibu pepo akidai? Na chano cha mwakani ataweka nani, mie nipande ndege niende Ujerumani?

Nikayapeleka kwa bosi yote kama yalivyo. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza: "Sawa, lakini bei yake kasema ngapi?"