Kiambaza cha Troyes

Treni kutoka kituo cha Gare de l'Est, Paris, hadi mji wa Troyes huchukua kama saa moja na nusu, na mimi nililala njia nzima. Kazi yangu Paris ilikuwa imekwisha mapema, nikabakiwa na siku mbili. Nikapanga chumba katika nyumba ya wageni ya kale iliyokarabatiwa, hatua chache kutoka Ruelle des Chats, kichochoro chembamba ambacho mapaa yake yamekaribiana hata watu husema paka huruka kutoka upande huu hadi ule. Euro 96 kwa usiku, chai ya asubuhi mbali: euro 13 kwa mkate, siagi na kahawa! Na kodi ya utalii juu yake.

Lifti hakuna. Ngazi ni ya mbao, imejizungusha, na kila kidato kimelika katikati kwa miguu ya watu. Nilivuta sanduku langu mpaka ghorofa ya tatu, jasho linanitoka na baridi ile, na pale mlangoni boriti ikanigonga kipaji cha uso hadi nikaona nyota. Sakafu ya chumba imeinama. Chupa ya maji niliyoiweka chini ilibiringika yenyewe hadi ukutani. Nikashuka nimekasirika kwelikweli.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu bei hakusema neno. Alinifungia barafu kwenye kitambaa nijikande, kisha akapanda nami hadi chumbani, akawasha taa ndogo juu ya kitanda. Palikuwa na kioo ukutani ambacho nilidhani ni picha. Nyuma ya kioo ulikuwa ukuta wenyewe, wameuacha wazi kidogo ili mgeni auone: fito zimesimamishwa kati ya nguzo za mwaloni, zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na juu ya udongo michirizi ya vidole vitatu.

"Torchis," akasema.

"Kiambaza," nikamjibu, na machozi yakanilenga.

Maana nilizaliwa ndani ya kiambaza. Nyumba ya bibi kule Wete, Pemba, ilikuwa ya fito na udongo, na kila baada ya masika tulikwenda kuukanyaga udongo kwa miguu, yeye akikandika kwa kiganja. Tulipopata pesa tuliibomoa, tukajenga ya matofali ya saruji. Tuliona aibu nayo. Hatukubakisha hata ufito.

Mama yule alinieleza taratibu, kwa vile Kifaransa changu ni cha kuokoteza. Mwezi Mei 1524 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, watu wakajenga upya kwa mbao na udongo uleule. Baadaye nyumba nyingi zilipigwa lipu, mbao zikafichwa. Ni katika karne iliyopita ndipo wakaanza kuzifunua. Kwenye nyumba yake mafundi walibandua saruji yote iliyopakwa nje, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na mwaloni unaoza. Nikamwambia hata Mji Mkongwe wa Unguja mafundi wa chokaa wanalia na saruji hiyohiyo. Akaniuliza chokaa yetu tunachoma vipi. Tulikaa kitandani tukazungumza hadi barafu ikayeyuka yote.

Siku ya pili nilizunguka mjini, nikaliona kanisa kuu lenye mnara mmoja. Zaidi nilitazama kuta.

Usiku nilimtumia dada picha ya kile kioo. Hakuniuliza Ufaransa kukoje. Aliandika: "Udongo wao mwekundu kama wetu?"

Nikasogeza taa. Ulikuwa mweupe unaoelekea manjano, kama unga wa muhogo uliokaa. Nikamwandikia hivyo. Akajibu: "Bibi angesema haukukanyagwa vya kutosha."

Nikaweka vidole vyangu vitatu juu ya kioo, pale ilipo michirizi. Vililingana.