Kuki iliyoachwa njiani

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: programu ya Java iingie kwenye mfumo wa ripoti kwa jina na nenosiri, ichukue faili la siku, basi. Kwenye kivinjari kila kitu kilikwenda sawa. Programu yangu, kila ilipoomba faili, ililetewa ukurasa wa kuingia, tena kwa msimbo 200, kana kwamba hakuna tatizo. Heri ingeniletea 401, nikajua nimekataliwa.

Mwenzangu alishikilia kwamba nenosiri ndilo bovu. Tukalibadilisha, wapi! Nikaiweka Java kando, nikatuma ombi lile lile kwa curl, zana ya kutuma maombi ya wavuti kwa mstari wa amri, yenye -v (ionyeshe vichwa vya jibu), bila -L (isifuate uelekezaji), nilione jibu la kwanza kabla halijafuatwa:

HTTP/1.1 302 Found
Set-Cookie: JSESSIONID=8F2C...; Path=/; HttpOnly
Location: /nyumbani

Kumbe nenosiri lilikubaliwa tangu mwanzo, na kuki, kitambulisho kidogo ambacho seva humpa mteja akirudishe kwenye maombi yanayofuata, ilitolewa humo humo kwenye 302, jibu la kumwelekeza mteja anwani nyingine. HttpURLConnection, darasa la Java la kutuma maombi ya HTTP, hufuata uelekezaji yenyewe bila kuuliza. Isipowekewa mtunza kuki, huifuata Location na kuiacha Set-Cookie. Ombi la pili likafika /nyumbani mikono mitupu, seva isilitambue, ikalirudisha mlangoni kwa 302 nyingine. Mimi nilikuwa naonyeshwa mwisho wa safari tu.

Nilianza kwa kuzima ufuataji, setInstanceFollowRedirects(false), nikaichomoa kuki mwenyewe na kuibandika kwenye ombi linalofuata. Ilifanya kazi, ila sikuipenda. Ukishika njia hiyo, masharti ya kuki (Path, Domain, Secure na muda wa kuisha) yote yanakuwa mzigo wako, na siku moja utampelekea kuki mtu asiyehusika. Nikafuta yote, nikaweka mstari mmoja kabla ya ombi la kwanza:

CookieHandler.setDefault(new CookieManager());

Darasa la CookieManager, ndilo mtunza kuki, lipo tangu Java 6. Ripoti ikaja.

Baadaye mfumo ukahamishiwa https, programu ikakwama tena. Safari hii niliachiwa 301, uelekezaji wa kudumu, mkononi, kwa sababu HttpURLConnection haivuki kutoka http kwenda https hata ikiruhusiwa kufuata. Wengi huulalamikia utaratibu huo. Mimi nauona wa maana: programu yangu ilibeba nenosiri, na sitaki maktaba ibadilishe itifaki kimyakimya. Nikarekebisha anwani kwenye faili la mipangilio, kazi ikaendelea.