Bili ya televisheni kwa mtu asiye na televisheni

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Ujerumani mnaniuliza: hosteli au kupanga? Anzeni na kisa hiki. Jana jioni mdogo wangu mmoja kanipigia simu sauti imemkauka. Si wa tumbo moja, ni mtoto wa jirani yetu Tabata, lakini huku hayo hayahesabiwi. Yuko mwaka wa kwanza hapa Bayreuth. Kaletewa barua ya kurasa mbili, Kijerumani cha serikali, anadaiwa euro 55.08: miezi mitatu ya ada ya redio na televisheni za umma. "Dada, mimi televisheni sina. Redio sina. Nina laptopu na godoro."

Nikamwambia alipe kabla haijaongezwa faini. Ada hiyo, 18.36 kwa mwezi, haiulizi una televisheni au huna. Inadai nyumba. Mlango mmoja, ada moja. Mimi naishi WG ndani ya hosteli ya wanafunzi, yaani wanne nyuma ya mlango mmoja, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu la pamoja. Tunagawana, 4.59 kwa kichwa. Yeye kapanga studio, chumba chenye jiko na bafu lake peke yake, kwa hiyo mzigo wote ni wake. Na hata hosteli uwe makini: kama chumba chako kinafunguka moja kwa moja kwenye korido ya kila mtu, hicho kinahesabiwa nyumba kamili. Wajerumani wanaosomeshwa kwa BAföG, ile mikopo na ruzuku ya serikali yao, wanasamehewa wakiomba. Sisi tuliokuja kwa viza ya masomo BAföG yenyewe ni ndoto, kwa hiyo msamaha wake nao hatuuoni.

Akauliza wamejuaje kama yupo. Si ulikwenda manispaa kujiandikisha? Basi.

Sasa, barua haikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba dogo alikuwa na nafasi ya hosteli mkononi akaiachia, kwa sababu mjomba wake kule Dar alimwambia mtoto wa kiume hawezi kupanga foleni ya choo na wasichana wa Kizungu. Mjomba huyohuyo kamaliza Mlimani akiwa amebebwa! Watu wawili kitanda cha futi mbili na nusu, wa tatu chini, na wote wakala bumu likiisha kwa kuchangia unga. Leo ndiye mshauri wa faragha.

Tupige hesabu ambayo mjomba hakupiga. Ili upewe viza unaweka kwenye akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, euro 11,904 za mwaka, na benki inakuachia 992 kila mwezi. Ukoo mzima umechangia, wengine wameuza kiwanja. Studio ya dogo ni 520, umeme mbali, intaneti mbali. Bima ya afya ya mwanafunzi inakaribia 150, na bima si hiari. Toa na ile ada, na huo umeme na intaneti. Anabaki na mia mbili na ushee ya kula, kuvaa, vitabu, na koti la baridi, maana lile alilonunua Karume lilikuwa la kupigia picha. Chumba changu mimi ni 290 na ndani yake mna joto, maji, umeme na intaneti. Tofauti hiyo kwa mwezi, mliopanga Msewe au Changanyikeni, wenyewe mnajua ni kodi ya miezi mingapi.

Mtasema ataingia kazini. Sawa, sheria inampa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280. Lakini mwaka wa kwanza, lugha bado inakupiga chenga na hesabu za uhandisi zinakusubiri, kazi ya kuosha vyombo usiku inakula mtihani. Nimeona vijana wenye akili kuliko mimi wakirudia somo mpaka wakaishiwa nafasi za kurudia.

Sisemi WG ni pepo. Kwetu kuna Mjerumani mmoja anayeandika vikaratasi. Kikaratasi kwenye friji, kikaratasi bafuni kuhusu nywele zangu kwenye tundu la maji, kikaratasi kwenye pipa kwamba kifuniko cha mtindi kitenganishwe na kikopo chake. Siku niliyokaanga dagaa wa Mwanza ilikuwa Januari, nje theluji, na huyu bibie akafungua madirisha yote ya jikoni, akasimama na skafu yake shingoni, akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikageuza dagaa. Saa nne usiku ikifika hakuna blenda wala kucheka kwa nguvu, na Jumapili nzima ni kama kuna msiba.

Lakini ni yeye huyohuyo aliyenionyesha nchi hii ilivyo. Mwaka jana nilitaka kuhama, nikapata tangazo la chumba kwa mtu binafsi, karibu na kampasi, bei nzuri. Nikaandika ujumbe safi, nikajitambulisha kwa jina langu na nchi yangu. Kimya. Yeye akasema, "Subiri." Akanakili ujumbe wangu neno kwa neno, akabadilisha jina na nchi tu, akatuma usiku uleule. Asubuhi kaitwa kwenda kukiona chumba, na mwenye nyumba anamwita "mpendwa". Akaja kwangu simu mkononi, uso mwekundu kwa hasira kunishinda mimi. Akataka tuandike malalamiko. Mimi nilikuwa nacheka, kile kicheko mnachokijua. Sikuhama. Na tangu siku ile kila barua ya Kijerumani inayonishinda naiweka mezani jikoni, naikuta na maelezo pembeni kwa penseli. Vikaratasi vya bafuni havijakoma.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaouliza "hosteli au kupanga", mwaka wa kwanza ombeni hosteli, tena ile ya WG, na ombeni mapema kuliko mnavyodhani. Muhula mkubwa unaanza Oktoba na orodha ya wanaongoja inajaa watu ambao hawakusubiri viza ndipo waanze kuomba. Miji nayo haifanani. Munich usiende kichwakichwa, huko hata Mjerumani analia. Baden-Württemberg wanatutoza wageni 1,500 kila muhula, kwa hiyo chumba cha bei poa kule kinakudanganya.

Ukilazimika kupanga kwa mtu, usimtumie hela mtu asiyekuonyesha chumba. Yule daktari mpole aliyeko London kikazi, ambaye atakutumia funguo kwa posta ukishalipa amana, hana nyumba. Kwenu dalali tapeli angalau unaujua mtaa wake. Amana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, ile kodi tupu kabla ya maji na joto, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Uliza kama jiko limo, maana nyumba nyingi za kupanga unakuta ukuta mtupu na bomba, aliyehama kaondoka na makabati na sinki. Na kabla ya bei, kabla ya picha, uliza kama mwenye nyumba atakusainia karatasi ya kujiandikisha manispaa. Akisema "kaa tu, hiyo tutaona baadaye", kimbia. Bila Anmeldung, yaani huko kujiandikisha, ambako kunatakiwa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, kibali cha kukaa kinakwama, na namba ya kodi ya mapato huipati.

Dogo sasa anataka kutoka studio. Mkataba wake hauna mwisho, kwa hiyo notisi ni miezi mitatu, kwa karatasi yenye saini ya mkono, imfikie mwenye nyumba isizidi siku ya tatu ya kazi ya mwezi. Ikichelewa unalipa mwezi mwingine. WhatsApp haitambuliki. Nimemwambia aandike leo, hayo ya mjomba atayajibu kwa wakati wake.

Jambo la mwisho, maana naulizwa kila Septemba. Nyama na maziwa msifunge, vitabaki forodhani. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20, unga nao hauna shida. Na fikeni siku ya kazi, mchana. Huku Bavaria maduka yanafungwa saa mbili usiku, Jumapili hayafunguliwi, na anayetoa funguo za hosteli wikiendi yuko kwake. Ukitua Jumamosi jioni utalipa hoteli mpaka Jumatatu, na kama ni Agosti, wakati wa tamasha la opera za Wagner, hoteli za mji huu zimejaa wazee wenye suti nyeusi na bei zao. Nipigieni kabla ya kukata tiketi, si mkiwa stesheni ya Nuremberg.